Saa ya zamani ya mkono: fungua kabati la nguo kwanza, jina la saa lije baadaye (uzi mrefu, Dodoma)

#1 Barabara ya Saba (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu,

Mwezi huu watu watatu kazini wameniomba niwasaidie kutafuta saa ya zamani. Wote walikuja na swali moja: "Nichukue Omega au Rado?" Nami nikawauliza, Jumatatu hadi Ijumaa unavaa nini? Mmoja alidhani nakwepa swali. Sikwepi, hapo ndipo pa kuanzia, na nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda kwa dhati.

Mimi si fundi wala dalali. Ni mtumishi, naishi Area D, kazi yangu iko Mtumba. Saa za zamani nilianza kuzitafuta baada ya kuhamia huku na ofisi, na nimeshapoteza hela kwa kutojua.

Nianze na babu. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Dodoma. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikaingia hapa 1910, ikafika Kigoma 1914, na mji wetu umekulia ubavuni mwake. Babu alikuwa na saa mbili. Moja ya mfukoni, ya kazini, uso mweupe na tarakimu kubwa nyeusi, kwa sababu ilibidi isomeke usiku kwa mwanga wa taa ya mkono. Ya pili ya mkononi, ndogo, ya kujaza kila asubuhi, na hiyo aliitega kwa Kiswahili: jua likichomoza, mshale mfupi uko kwenye 12. Hakuwahi kuzichanganya. Ya mkononi ilitoka Jumapili, na koti jeusi na shati lililopigwa pasi ya mkaa. Bibi alikuwa akisema ile saa ndogo "imemkaa". Mpaka leo nikishika saa sokoni najiuliza hilo tu: itanikaa?

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe.

Zikipita miaka 100 tunaziita za kale. Nyingi ni za mfukoni, au zile za mkononi za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zenye masikio (pale mkanda unaposhikia) ya waya yaliyochomelewa kwenye bodi. Ni nzuri mno, lakini si za kupanda nazo daladala. Saa za zamani ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzivaa ni za miaka ya 1950 hadi ya 1980. Na kuna sababu ziko nyingi na bei yake bado inashikika. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza duniani ya kwatzi, yaani ya betri. Miaka michache baadaye dunia nzima ilitaka betri, viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa, na mamilioni ya saa nzuri za mashine zikaishia kwenye droo. Hizo ndizo tunazookota leo.

Kuna ndugu zetu wa kaunda suti. Hapa Dodoma ndiyo vazi la vikao, na ndilo vazi linaloonewa zaidi na saa mbaya. Kaunda suti ya mikono mifupi inaacha mkono wote wazi, na imetulia, haina tai wala urembo. Ukiweka dude la upana wa milimita 44 lenye vidude vitatu usoni, watu wanaona saa, hawakuoni wewe. Tafuta ya kujaza kwa mkono, nyembamba, milimita 33 hadi 35, uso mweupe au wa rangi ya maziwa, mistari badala ya tarakimu, mkanda wa ngozi. Omega za miaka ya 1960 zisizo na mbwembwe ziko hivyo, Citizen na Seiko za wakati ule pia, na HMT za India. HMT walianza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 wakisaidiwa na Citizen ya Japani, na zile za kujaza ni nyepesi, zinapendeza na hazifilisi.

Suti ya mikono mirefu ni hiyohiyo, ila hakikisha inapita chini ya ukingo wa mkono wa shati. Jaribu dukani ukiwa umevaa shati lenyewe. Saa nene itakusumbua kikao kizima.

Wa batiki, jinzi na shati la kukunja mikono, nyinyi ni watu wa Seiko 5. Hii ilianza 1963, na ile 5 ina maana: inajijaza yenyewe mkono ukitembea, siku na tarehe ziko dirisha moja, inahimili maji kiasi, kichwa cha kujazia kimejificha kwenye tarakimu ya 4, na bodi pamoja na mkanda ni imara. Uso wa bluu au wa kijani na cheni ya chuma, kwenye batiki, ni kitu cha kumwangalia mtu mara mbili.

Rado DiaStar ya 1962 ni ya mtu wa namna yake. Ile yenye bodi nzito ya mviringo wa yai, ya chuma kigumu kisichokwaruzika. Baba zetu waliipenda kwelikweli. Inang'aa, inajitangaza, kwa hiyo inataka mvaaji aliyetulia na nguo ya rangi moja. Kwenye kanzu nyeupe, hakuna inayoifikia.

Kuhusu mkono: zungushia uzi kwenye kifundo, upime kwa rula ya shule. Wa kwangu ni sentimita 16.5, na milimita 34 hadi 36 zinanitosha kabisa. Kipimo ambacho watu hawaangalii ni urefu wa kutoka sikio la juu hadi sikio la chini. Masikio yakining'inia nje ya mkono, hata saa iwe ya thamani gani itaonekana ya kuazima. Na ukikutana na saa ya zamani ya kiume ukaiona ndogo, usiirudishe haraka. Ivae siku mbili. Jicho limezoeshwa saa kubwa za siku hizi, linarudi.

Sasa kosa langu. Mwaka juzi nilinunua saa kwa mtu mtandaoni, Sh 140,000. Uso mwekundu unaowaka, mishale inang'aa, ameandika "haijawahi kuvaliwa". Ilikuja nzuri kama pipi. Baada ya wiki tatu ikaanza kuchelewa, dakika 20 kwa siku. Nikampelekea mzee mmoja fundi. Aliiangalia kwa lenzi sekunde chache, hata hakuifungua, akasema: "Mwanangu, uso huu umepakwa juzi. Saa hii haijawahi kuwa nyekundu." Akanionyesha: maandishi manene yaliyotambaa pembeni, vijistari vya dakika havikai sawa na mishale, na namba nyuma ya bodi ni ya saa nyingine kabisa. Ilikuwa saa ya kuungaunga. Nilitembea kutoka pale hadi Nyerere Square sijielewi.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja ambao sitauacha: uso uliochoka lakini wa asili ni bora kuliko uso mpya uliopakwa. Weupe uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, madoa madogo pembeni, hayo ni maisha ya saa. Rangi mpya ni ya nani?

Nawasilisha. Maswali karibu, na wenye ujuzi nirekebisheni.

#2 Zabibu Mbichi

Mkuu umeupiga mwingi. Mimi niko UDOM, mwaka wa pili, bajeti yangu haizidi 70,000. Navaa jinzi na fulana, Jumapili shati. Kuna jamaa Majengo ana Seiko 5 anasema ni ya 1970. Nitajuaje kama kweli?

#3 Fundi wa Makole

Vijana wangu, habari za jioni.

Nimeusoma uzi wote. Kijana kaeleza vizuri habari za nguo, ila kapita haraka palipo na ugonjwa wenyewe wa Dodoma, nao ni vumbi. Nimekaa na lenzi jichoni zaidi ya miaka 30, nusu ya saa ninazofungua hazikuharibika, zimechafuka. Upepo wa kiangazi, Julai hadi Novemba, unabeba vumbi jembamba kuliko unga. Saa ya zamani ina mpira mwembamba kwenye mfuniko wa nyuma na mwingine kwenye kichwa cha kujazia. Baada ya miaka 40 mpira umekauka kama ganda. Vumbi linaingia, linakutana na mafuta, linakuwa kama msasa. Linakula vyuma polepole, na saa inaendelea kutembea huku inakufa.

Kwa hiyo ukinunua saa ya zamani, usiivae. Ilete kwanza ifunguliwe, ioshwe, itiwe mafuta mapya, ibadilishwe mpira. Baada ya hapo kila miaka 4 au 5. Hesabu gharama hiyo siku ya kununua, siyo siku ya kuharibika.

Saa ya kujaza, jaza wakati uleule kila siku, taratibu, ukisikia imekaza simama. Yenye tarehe, usibadili tarehe kwa haraka kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku. Wakati huo meno ya tarehe yameshikana, ukilazimisha unavunja. Nimebadilisha gurudumu hilo mara nyingi mno kwa kosa hili.

Na maji, hata kama nyuma imeandikwa inazuia maji, maandishi hayo yalikuwa ya kweli ilipotoka kiwandani. Ivue ukinawa.

#4 Barabara ya Saba

Shikamoo mzee, na asante sana. Hapo kwenye vumbi nakubali niliruka, na ni kosa kubwa kwa mtu anayeandika akiwa Dodoma. Wakuu, someni #3 mara mbili.

Zabibu Mbichi: geuza saa. Nyuma ya Seiko kuna namba mbili. Ya kwanza ina kistari katikati, tarakimu nne za mwanzo ni aina ya mashine, kwa mfano 7009 au 7S26. Ya pili ni namba ya mfululizo. Tarakimu yake ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Kwa hiyo ikianza na 7D, ni Desemba ya mwaka unaoishia na 7. Muongo unaujua kwa mashine. 7S26 ilianza 1996, kwa hiyo muuzaji akikuambia ni ya 1970 na nyuma imeandikwa 7S26, mshukuru uondoke.

Kisha angalia chini kabisa ya uso. Kwenye Seiko nyingi kuna maandishi madogo sana yenye tarakimu za mashine, yanatakiwa yakubaliane na ya nyuma. Yakitofautiana, au yakiwa hayasomeki kwa sababu ya rangi nono, umeona uso uliopakwa.

Halafu ishike, itikise kidogo, isikilize. Mashine hiyo haijazwi kwa kichwa, inategemea mkono wako. Ikianza kutembea kwa kutikiswa mara chache na mshale wa sekunde ukapita laini bila kukwama, ni dalili njema. Acha muuzaji aone unasikiliza.

Na kwa fulana na jinzi, ukikosa Seiko nzuri kwa bajeti hiyo usilazimishe. Casio F-91W ya 1989 ni saa ya historia kwa haki yake, ni nyepesi, na mkononi mwa kijana inakaa vizuri kuliko Omega ya bandia. Hilo nalisema kwa moyo wote.

#5 Mama Ilazo

Kaka, nimesoma yote nikisubiri ufike kwetu. Hukufika.

Mimi ninayo saa ya marehemu mama, ya kujaza, uso hauzidi ukubwa wa kidole gumba, cheni ya rangi ya dhahabu. Niliitengeneza mara mbili na kila mara fundi alilalamika. Saa za kike za miaka ya 1950 na 1960 zina mashine ndogo mno, na kila kitu kidogo ni ghali kutengeneza. Kwa hiyo nawaambia dada zangu: ya mama itunze, ivae harusini, lakini ya kila siku chukua ya kiume ya zamani ya milimita 33 au 34. Mimi navaa Citizen ya kujaza, mkanda mwekundu wa damu ya mzee, na gauni la kitenge. Kitenge kina maneno mengi tayari, saa iwe na uso mtupu. Nikivaa suti ya ofisini nabadilisha mkanda tu, wa kahawia.

Mkanda nilikatiwa na fundi viatu Sabasaba, ngozi ya ng'ombe wa hapahapa, nikampelekea pini na kipimo cha milimita 18. Umetoka mzuri kuliko niliowahi kuletewa.

Bangili zivae mkono mwingine. Kioo cha plastiki kinakwaruzika kwa bangili. Changu nilikisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka kikarudi.

#6 Barabara ya Saba

Dada, umesema kweli, na nakushukuru. Nilikuwa nawaza saa za kike kama zilivyouzwa, siyo kama zinavyovaliwa. Hilo la uso mtupu kwenye kitenge ni sawa kabisa na nililosema kuhusu kaunda suti, ila wewe umelisema vizuri zaidi.

Niongeze tu kuhusu dawa ya meno, ni kwa kioo cha plastiki peke yake. Kioo cha kioo hakisikii.

Na jambo moja la usalama ambalo nisingependa lipite. Saa za kabla ya miaka ya 1960 ambazo mishale na namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani, nyingi zilitumia radiamu. Kung'aa kunakufa, radiamu haifi. Inapungua nusu baada ya miaka 1,600. Ikiwa imefungwa na imekaa sawa, usiogope kupita kiasi, lakini usiifungue nyumbani, usikwangue uso, usimpe mtoto. Mwambie fundi kabla hajaigusa. Mimi binafsi saa za hivyo siziweki chumba cha kulala.

#7 Mwana wa Bahi

Wakuu, mtanisamehe, naona kama mnapoteza muda. Simu ina saa. Niko shambani, mikono ina tope, saa ya nini?

#8 Fundi wa Makole

Mwanangu, kwa shamba uko sahihi. Saa ya zamani usiipeleke kwenye jembe wala kwenye bodaboda ya kila siku, mtikisiko unaiumiza. Na simu usiiweke nayo pamoja usiku, wala juu ya spika. Sumaku ikiingia kwenye nywele ya saa, ile springi nyembamba, saa inakimbia mbele dakika nyingi. Wananiletea wakidhani imeharibika, natoa sumaku kwa kifaa, wanaondoka.

#9 Nzuguni Stendi

Habari za usiku. Mimi ni msomaji tu wa siku zote, leo nimejiunga kwa sababu ya uzi huu.

Baba alifariki mwaka jana. Aliacha Rado, ile ya yai. Alikuwa dereva wa malori, Dodoma hadi Singida na Tabora, na kila picha yetu ya nyumbani ameivaa. Imesimama. Uso una doa la kahawia upande wa saa 8, cheni imelegea. Kaka yangu mkubwa anasema tuipeleke ipakwe upya na kuwekwa cheni mpya ndipo nitaweza kuivaa ofisini. Mimi ni mwalimu, navaa shati na suruali ya kitambaa. Mkono wangu ni mwembamba kuliko wa baba. Nifanyeje?

#10 Barabara ya Saba

Pole sana ndugu yangu.

Usiipake. Nakuomba. Doa hilo la saa 8 mwangalie baba yako kwenye picha, huenda lilikuwepo. Fundi aoshe mashine, abadilishe mpira, abadilishe kioo kama kina ufa, basi. Mwambie kabla hajaanza: uso usiguswe, bodi isisuguliwe, na kitu chochote kitakachotolewa urudishiwe kwenye kikaratasi. Kwenye uso wa Rado ya otomatiki kuna nanga ndogo. Inatakiwa icheze kwa urahisi ukiinamisha saa. Mwombe aiangalie.

Cheni ya asili itoe vipande viwili vitatu ili ikutoshe, uvitunze. Kwa mkono mwembamba DiaStar haisumbui kama watu wanavyodhani, kwa sababu masikio yake yamejificha chini ya bodi, hayaning'inii. Shati jeupe au la bluu la mwalimu ndilo linaloitaka. Kaka yako mweleze kwa upole, naye ni mfiwa.

#11 Zabibu Mbichi

Mrejesho. Nilirudi Majengo. Nyuma imeandikwa 7S26. Nimeshukuru nikaondoka. Bado natafuta.

#12 Nzuguni Stendi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilimpata mzee wa #3, Makole, kwa kuulizia. Aliifungua mbele yangu. Mafuta yalikuwa yamekauka, na vumbi lilikuwa jekundu, akasema hili si la Dodoma tu, ni la barabarani. Amesafisha, ametia mpira mpya, uso hakuugusa. Nanga inacheza. Cheni katoa vipande vitatu, ninavyo kwenye bahasha ya shahada yangu.

Kaka alikuja Jumapili. Nilimpa aishike. Akaiweka sikioni, akakaa nayo muda mrefu, hakusema lolote la kupaka.

Leo nimeingia nayo darasani. Inawahi dakika moja kwa siku. Mzee anasema niirudishe baada ya mwezi airekebishe, lakini mama anasema baba siku zote aliiweka mbele kidogo, asichelewe kuondoka. Nimeiacha ilivyo.